Kitufe Chini ya Ukanda wa Kijani

Herufi katika simu ya Odete zilikuwa kubwa kiasi kwamba neno refu lilikatika katikati na kumalizikia mstari wa chini. Si yeye aliyezikuza. Mwalimu Nuru, aliyefundisha darasa la watu wazima pale Msimbati kila Jumanne na Alhamisi alasiri, alizikusanya simu za wanafunzi wake siku ya kwanza ya kusoma ujumbe, akaingia kwenye mipangilio ya kila moja na kuzikuza herufi mpaka kikomo chake.

"Mmeanza kusoma macho yakiwa yameshafanya kazi miaka arobaini," aliwaambia. "Hakuna sifa katika kukodoa. Ione kwanza herufi, haraka itakuja yenyewe."

Odete alikuwa na miaka arobaini na minne. Alizaliwa Kionga, ng'ambo ya Ruvuma, akavushwa mtoni mgongoni mwa mama yake wakati wa vita, na katika kuhama na kuhamia hakuna aliyekumbuka kumpeleka shule. Alilima muhogo, akatunza mikorosho arobaini aliyoachiwa na mumewe Sebastiao, ambaye miaka sita iliyopita alirudi ng'ambo kufuatilia shamba la baba yake, na ambaye habari zake zilipungua mwaka hadi mwaka mpaka zikakoma. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Aida. Darasani aliingia kwa sababu ya Aida, ingawa hakumwambia hivyo. Hakupenda kumpa binti yake karatasi amsomee, kisha amtazame usoni ili ajue kama habari ni njema au mbaya.

Aida alikuwa amemaliza kidato cha nne, akakosa alama za kuendelea, na sasa alibangua korosho katika kikundi cha kinamama karibu na ofisi ya kijiji. Mafuta ya maganda yalikuwa yamemla ncha za vidole, ngozi ikawa nyeusi na ngumu, ikibanduka kama ganda la kitunguu. Hakulalamika. Lakini mwezi wa nne liliposomwa redioni tangazo kwamba Mfuko wa Elimu wa Mwambao, ulioweka ofisi yake Mikindani, ungewafundisha vijana arobaini wa vijijini kuchomelea mabomba kwa miezi tisa, alirudi nyumbani anatembea mwendo ambao mama yake hakuwahi kumwona nao.

"Wasichana ishirini, wavulana ishirini," alisema. "Sharti usizidi miaka ishirini siku ya kufunga maombi."

Odete alihesabu moyoni. Aida angetimiza miaka ishirini na moja mwezi wa kumi. "Ni mwaka huu au basi," alisema.

"Ni mwaka huu au basi. Na nitaishi Magomeni, Mtwara mjini, kwa shangazi, nimeshamuuliza."

"Moto ule hauunguzi?"

"Hata huu unaniunguza, mama." Aida aliinua vidole vyake. "Bora niunguzwe na moto ninaoushika mwenyewe."

Maombi yangepelekwa kwa njia moja tu, ukurasa wa mtandaoni utakaofunguliwa kwa simu, na mwenye kuujaza awe mzazi au mlezi, kwa namba yake mwenyewe. Mfuko ulitaka wazazi wahusike. Na kwa kuwa ulitaka kujua kama ukurasa wenyewe unaweza kujazwa na mzazi yeyote, ulimwandikia Mwalimu Nuru kumwomba mwanafunzi wake mmoja aende Mikindani kuujaribu kabla haujafunguliwa. Mwalimu alimchagua Odete.

"Mhakiki!" Somoe alipiga kelele, akagonga dawati. Somoe alikuwa jirani yake Odete na mwenzake wa benchi moja, mwanamke asiyeweza kukaa na neno mdomoni. "Leo mhakiki wa kompyuta katoka kwetu. Jamani, juzi tu alikuwa anaandika b akiigeuza tumbo nyuma."

"Na wewe d yako mpaka leo haijui ilale upande gani," Odete alijibu, na darasa zima likacheka.

Hakulala vizuri wiki ile, kwa furaha. Alifua kitenge chake kizuri, akakipiga pasi ya mkaa, na asubuhi ya siku yenyewe akapanda pikipiki hadi Mtwara, na nyingine hadi Mikindani.

Ofisi ilikuwa ghorofani katika nyumba ya mawe iliyopakwa chokaa upya. Ndani walikuwapo watu watano waliokuja kujaribu: Odete, na wanafunzi wanne wa sekondari waliovaa sare zao. Kijana aliyeutengeneza ukurasa aliitwa Hemedi. Alikuwa mpole, msafi, mwenye sauti ya mtu aliyelelewa vyema, na alimvutia Odete kiti kabla ya wengine.

"Karibu, mama. Wewe ndiye mgeni wetu mkubwa leo."

Kwanza aliwaonyesha kwenye kompyuta. Katikati ya kioo ilitokea picha ya simu, na ndani ya simu ile ukaonekana ukurasa. Hemedi alichagua jina la simu nyingine pembeni, picha ikarefuka. Akachagua jingine, ikafupika na kunenepa. Na kila mara maandishi yalijipanga upya yenyewe, kwa utii, kama wanafunzi wanaposikia filimbi.

"Hapa naweza kuziona simu mia na zaidi bila kununua hata moja," alisema. "Kila simu mliyo nayo kijijini, mimi nimeshauona ukurasa wangu ndani yake."

Odete alizitazama simu zile na kuzipenda. Hazikuwa na ufa. Chaji yake haikupungua. Hakuna aliyezishika kwa vidole vyenye unga wa muhogo. Chini kabisa ya ukurasa ulilala ukanda wa kijani wenye nembo ya Mfuko na majina ya wafadhili, na hata ukurasa ulipopanda na kushuka, ukanda haukuondoka mahali pake.

"Huu ukanda hausogei," Odete alisema.

"Hausogei, mama. Wafadhili wanapenda waonekane wakati wote." Hemedi alicheka kidogo, na wanafunzi wakacheka naye.

Kisha kila mmoja aliufungua ukurasa kwenye simu yake, akapewa karatasi ya maelekezo: jaza jina la kijana, tarehe ya kuzaliwa, kijiji, namba yako, mwisho bonyeza "Tuma". Wanafunzi walimaliza upesi mno. Odete alisoma kila swali mara mbili, midomo ikitembea bila sauti, akajaza bila kukosea mahali popote. Akafika mwisho. Aliona maneno: *Asante kwa kujaza fomu hii.* Chini yake ulikuwa ukanda wa kijani. Katika simu yake, yenye herufi kubwa, hata ukanda ulikuwa umevimba, ukachukua karibu robo ya kioo.

"Tuma" hakuiona.

Alipandisha ukurasa, akashusha. Alipandisha tena. Aliisoma karatasi: *mwisho bonyeza Tuma*. Chumba kilikuwa kimenyamaza, na ukimya ule aliujua. Ulikuwa ukimya wa watu wanaomsubiri mtu mzima asome, wanaojitahidi kutomwangalia.

"Umekwama, mama?" Hemedi aliuliza.

"Sijakwama. Nasoma."

Hemedi alikuja, akainama juu ya bega lake, akatabasamu. "Aa! Herufi hizi, mama! Nani kakuwekea hivi?"

"Mwalimu wangu."

"Niruhusu kidogo." Aliichukua simu, vidole vyake vikaenda huku na huko, na herufi zikanywea, zikawa kama chembe za mtama. Aliporudi kwenye ukurasa, ukanda ulikuwa umepungua, na juu yake kilikuwapo kitufe cha buluu. "Hicho hapo. Bonyeza."

Odete alibonyeza. Ukurasa uligeuka, zikatokea alama ya vema na maneno ambayo hakuweza kuyasoma kwa udogo wake. Hemedi alipiga makofi, na wanafunzi wakapiga.

Hapo ndipo walipogawiwa karatasi ya mwisho. Ilikuwa na maswali sita, kila moja na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana. Swali la nne liliuliza: *Je, uliweza kuviona vitufe vyote bila kusaidiwa?*

Odete alilisoma swali hilo na kulielewa. Alilielewa neno kwa neno, na kalamu yake ikaenda kwenye kisanduku cha Hapana na kusimama juu yake, karibu kabisa na karatasi, bila kuigusa.

Mwanafunzi aliyeketi kushoto kwake, msichana mwenye uso mwema, aliisogelea karatasi na kumnong'oneza: "Mama, hicho ni cha hapana. Ndiyo ni hiki cha kwanza."

Alimaanisha wema, na wema wake ulimchoma Odete pale ambapo dharau isingefika. Alijua sasa kwamba akiitia alama Hapana, hakuna atakayesema kitufe hakikuonekana. Watasema mama wa Msimbati hajui kusoma. Mwalimu Nuru angeulizwa kwa nini hakumtuma mwingine. Odete aliipeleka kalamu kwenye kisanduku cha kwanza, akatia alama ya vema iliyonyooka, nzuri, na chini ya karatasi akaandika jina lake kamili kwa mwandiko wa kuunganisha, mwandiko aliojifunza mwaka mzima.

"Mwandiko mzuri sana, mama," Hemedi alisema, na kweli alikuwa amevutiwa. Kisha akawaambia wote: "Ahsanteni. Tutaurahisisha zaidi. Siku yenyewe mtaukuta mwepesi kuliko huu."

Odete aliyashika maneno hayo njia nzima ya kurudi. Kesho yake Mwalimu Nuru alimrudishia herufi zake kubwa.

Ukurasa ulifunguliwa kwa siku sita. Siku ya pili yake ilikuwa Alhamisi, na Mwalimu Nuru aliliacha somo la siku, akamwambia Odete asimame mbele. Wanafunzi saba, pamoja na yeye, walikuwa na vijana wa kuwaombea. Odete alisimama karibu na ubao, simu mkononi, akawaongoza swali kwa swali. Hakuwahi kusimama mbele ya watu kwa jambo lolote isipokuwa msiba. Sauti yake ilianza ndogo, ikakua. Aliwasubiri waliochelewa. Alimsahihisha mmoja aliyeandika mwaka wake mwenyewe wa kuzaliwa badala ya wa mwanawe, na watu wakacheka kwa upendo.

Wakafika mwisho. *Asante kwa kujaza fomu hii.* Na ukanda wa kijani.

Odete alikikumbuka kitufe. Ni lazima isemwe hivyo, kwa sababu baadaye alijitahidi kuamini kwamba hakukikumbuka. Alikikumbuka, akakitafuta, akapandisha na kushusha.

"Mhakiki," Somoe aliita, "mbona mimi sioni pa kubonyeza? Yule wa redioni alisema tubonyeze Tuma."

Nyuso sita zilimtazama, na Mwalimu Nuru akamtazama kwa fahari ile ya mwalimu ambaye kazi yake imesimama mbele ya macho yake. Odete angeweza kusema: sijui. Ni neno dogo, na darasani kwao halikuwa aibu. Mwalimu alilisema mwenyewe mara nyingi. Lakini alikuwa ameshawaeleza juu ya Mikindani, juu ya ghorofa na simu mia ndani ya kompyuta moja, na makofi. Alikumbuka maneno ya Hemedi, akayashika.

"Wamekiondoa," alisema. "Walituambia watarahisisha. Sasa ukiona Asante, umemaliza. Mtu akikushukuru, si keshapokea?"

"Kweli," Somoe alisema. "Hakuna anayeshukuru kwa kitu ambacho hakukipata." Akaizima simu yake na kuifunga kwenye ncha ya khanga. Wengine nao wakazima.

Jioni ile, wakiwa wanamenya muhogo, Aida aliuliza: "Mama, ulibonyeza Tuma?"

"Tuma haipo. Imeondolewa."

"Nipe niangalie."

"Uangalie nini?" Odete aliweka kisu chini. "Mimi nilikuwapo, Aida. Wewe ulikuwapo? Ukurasa ule nimeukagua mimi, kwa sahihi yangu. Leo nimewajazisha watu sita. Hata hili moja huwezi kuniachia?"

Aida alimtazama mama yake. Alikuwa amemsomea mambo mengi maishani: vikaratasi vya dawa, barua za ng'ambo, jina la baba yake lilipokuwa bado linaandikwa. Hakuwa amewahi kumwona akiwa na kitu chake mwenyewe cha kutetea.

"Haya, mama," alisema. "Nimekuachia."

Wiki tatu baadaye, orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji. Aida aliiacha meza ya kubangulia akaenda kuisoma, na Odete, aliyekuwa akitoka shamba, aliwakuta watu wamejazana. Herufi za orodha zilikuwa ndogo. Alisubiri mpaka mbele pakapungua, akaweka kidole kwenye jina la kwanza na kushuka nacho. Kutoka Msimbati walichaguliwa vijana wanne. Chini yao yalikuwapo majina kumi na moja ya walioomba na kukosa. Aida hakuwa juu, na hakuwa chini. Mtoto wa Somoe hakuwa juu wala chini. Kati ya vijana saba wa darasa la Mwalimu Nuru, hata mmoja hakuandikwa kwamba alikataliwa. Ilikuwa kana kwamba hawakuwahi kuomba.

"Mhakiki," Somoe alisema nyuma yake. Safari hii hakupiga kelele. "Ulituambia akikushukuru keshapokea."

Odete alikiondoa kidole kwenye orodha. Somoe alijitengeneza khanga begani, akaondoka.

Kesho yake asubuhi Odete alipanda pikipiki tena. Hemedi alimpokea kwa furaha, akamvutia kiti kilekile. Alipoyasikia maneno yake uso ulibadilika. Akafungua kompyuta, akatafuta namba yake, kisha namba za wenzake alizoandikiwa na Mwalimu Nuru.

"Zote ziliufungua ukurasa," alisema taratibu. "Hakuna hata moja iliyotuma."

"Hapakuwa na Tuma."

"Ilikuwapo, mama. Uliibonyeza mwenyewe, hapahapa."

Odete alimpa simu. Kwa bahati, au kwa ukatili wa mashine, ukurasa ulikuwa bado wazi mahali alipouacha, majibu ya Aida yote yamo. Hemedi alishuka nao hadi mwisho. Aliona Asante. Aliona ukanda wa kijani uliovimba. Akauvuta kwa kidole, ukakataa kusogea. Akaiweka simu mezani.

"Siku ile uliziteremsha herufi," Odete alisema.

"Niliziteremsha." Hemedi alifungua jalada juu ya meza, akapekua, akatoa karatasi. Aliiweka mbele yake bila ukali, kama mtu anayeonyesha mahali alipoumia. "Lakini swali la nne, mama. Uliweka Ndiyo."

Ile alama ya vema ilikuwa bado nzuri. Na chini, jina lake, kila herufi imeshikana na mwenzake.

"Niliweka."

"Taarifa yangu kwa wafadhili nimeiandika kwa karatasi hizi. Kwamba hata wazazi wa elimu ya watu wazima wameviona vitufe vyote bila kusaidiwa. Ungeweka Hapana ningejua. Mimi ningejuaje?"

"Ulikuwa umesimama hapa," Odete alisema, akagusa bega lake mwenyewe, mahali alipoinamia siku ile. "Uliona kwamba kitufe sikioni. Ukanisaidia. Karatasi ikaniuliza kama nimesaidiwa, na wewe ukaipokea, ukausifu mwandiko."

Kila mmoja wao aliitazama karatasi, na ilionekana wazi kwamba kila mmoja alikuwa amelijua jambo lile, na kila mmoja alikuwa amelikabidhi kwa mwenzake.

"Nitaurekebisha," hatimaye alisema, na akageukia kompyuta kwa haraka ya mtu aliyepata njia ya kutoka. Aliandika mistari michache, akafuta mmoja. Odete alikuwa hajamaliza maji aliyopewa. "Fungua upya, mama."

Alifungua upya. Ukurasa ulikuja na herufi zake kubwa zilezile. Alipofika mwisho, ukanda wa kijani ulisogea chini kwa adabu, na juu yake kikatokea kitufe cha buluu, kipana, chenye neno moja kubwa ambalo hata Somoe angelisoma bila kukodoa: TUMA.

"Dakika kumi hazikufika," Odete alisema.

"Ni jambo dogo tu, kwa kweli. Mtu akishalijua."

Odete alikiweka kidole chake juu ya kitufe, akabonyeza. *Muda wa kupokea maombi umekwisha. Karibu tena.*

"Majina yameshafungwa, mama," Hemedi alisema kwa sauti ya chini. "Si uamuzi wangu. Mwakani wakifungua tena, binti yako—"

"Mwakani atakuwa na miaka ishirini na moja."

Alisimama. Hemedi naye akasimama, na kwa kuwa hakujua afanye nini na mikono yake, akachukua karatasi tupu ya maswali sita. "Ningeomba unijazie hii kwa toleo jipya. Safari hii kwa ukweli wote. Itawasaidia wengine."

Odete aliketi tena. Aliyasoma maswali yote bila kuificha midomo yake, kwa sauti ya kusikika, silabi kwa silabi, na Hemedi akasimama pale akisubiri. Alipofika la nne, aliweka Ndiyo, kwa sababu sasa ilikuwa kweli. Swali la sita liliuliza: *Je, ukurasa umekusaidia kufanya ulichokusudia?* Akaweka Hapana, akaikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Sahihi hakuweka.

Alifika nyumbani jua likiwa bado kali. Aida alikuwa ameleta gunia la korosho, anabangua peke yake uani, kwa kuwa mezani kwa kikundi alikuwapo mama mzazi wa Somoe, na maneno yalikuwa mengi. Odete alikaa kwenye kinu kilicholazwa, akamweleza habari nzima. Alimweleza juu ya ukanda, juu ya kitufe kilichotokea maji yakiwa bado kwenye glasi. Alitamani kuishia hapo. Hadithi ile ilikuwa na mkosaji, na mkosaji alikuwa mbali, ghorofani.

"Na siku ya kwanza?" Aida aliuliza bila kuinua uso. "Kabla hajaziteremsha herufi, ulikiona?"

"Sikukiona."

"Waliuliza?"

"Waliuliza. Kwenye karatasi."

Nyundo ya Aida ilisimama. "Swali ulilielewa?"

Odete aliwaza kwamba hapa, na hapa peke yake, uongo ungemfaa. Angesema herufi zilikuwa ndogo. Angesema alichanganya Ndiyo na Hapana, kama alivyodhani yule msichana wa sare. Aida angemwamini, pengine hata angemwonea huruma, na huruma ile angeijua, kwa kuwa aliishi nayo miaka ishirini.

"Nililielewa," alisema. "Neno kwa neno."

Aida aliinamisha kichwa, kama mtu anayepokea jibu la hesabu aliyokwisha kuipiga.

"Basi ulijua kusoma," alisema.

Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo ambalo Odete hakuweza kulivumilia. Alingoja binti yake aseme jingine. Aida alichukua korosho, akaiweka juu ya jiwe, akaigonga upande, ganda likapasuka na kutema mafuta yake meusi. Akachukua nyingine.

Odete alisogea, akaketi chini kando ya gunia, akaokota jiwe. Alikuwa hajabangua tangu Aida alipoianza kazi hiyo. Viganja vilikuwa na sugu ya jembe, lakini ncha za vidole zilikuwa zimepona na kulainika, vidole vya kushikia kalamu. Aliigonga korosho ya kwanza vibaya, ikavunjika vipande viwili.

Bila kumtazama, Aida alikisukuma kwa mguu kikopo cha mafuta ya nyonyo mpaka kikamgusa goti.

"Paka kwanza," alisema. "Mafuta ya korosho yanababua."